Siku Nilipomkalisha Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa imepumzika kidogo, nilipomnyang'anya mama mkwe wangu jembe mbele za watu, na watu wakanipigia vigelegele. Mwanangu, nimesifiwa mara chache maishani, na sifa ya siku ile naijutia kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa. Keti nikusimulie. Au simama, ndivyo vizuri zaidi kwa hadithi yenyewe. Ila usiwe na haraka, maana siku hizi hata nikipanda kwenda kanisani napumzika katikati ya njia, na simulizi yangu nayo ina tabia hiyo hiyo.

Mimi si mtu wa milimani. Nilizaliwa Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako ardhi imelala na mtu anaweza kutembea kutwa nzima bila kuinua goti. Mume wangu, Otmar, Mungu amrehemu, alikuwa Mmatengo wa upande wa Ukata. Alikuwa akishuka ziwani kununua usipa mkavu wa kwenda kuuza huko juu. Safari ya tatu hakununua samaki wengi, akakaa siku nne, na mama yangu mdogo akaelewa mara moja alichokifuata. Nikaolewa, nikapandishwa mlimani. Wiki ya kwanza nilihema hata nikadhani nimepata ugonjwa wa kifua. Kule kila kitu kiko juu au kiko chini. Kisima kiko chini, kanisa liko juu, na shamba limening'inia ubavuni mwa mlima utadhani kesho litaporomoka.

Haliporomoki kwa sababu ya ngoro. Kama hujawahi kuziona, nitakueleza. Wanaume wanafyeka majani marefu, wanayaacha yakauke, kisha wanayalaza kwa mistari inayokatana, mraba baada ya mraba. Halafu wanawake wanaingia na majembe. Wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani, mpaka mlima mzima unabaki na mashimo yenye kingo. Mvua ikinyesha, maji yanatuama mashimoni wala hayaondoki na udongo. Juu ya kingo ndipo tunapopanda maharage. Ni kazi ya mgongo, mapaja na magoti, na mimi nilikuja na mikono iliyozoea kutwanga muhogo tu.

Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu, Mama Kostansia. Wakati ule alikuwa na miaka sitini na ushee, mfupi, mwembamba, mwenye mdomo. Alikuwa akipanda mlima huku anasimulia habari za watu, na pumzi yake haikubadilika mpaka habari iishe. Mimi nyuma yake nilishindwa hata kuitikia.

"Wewe Mnyasa," aliniambia siku ya kwanza shambani, "jembe halipigwi na mkono peke yake. Angusha mwili wako wote nalo, kisha uvute."

Nikaangusha, nikavuta, na ngoro zangu zikatoka zimepinda. Majirani waliopita njiani waliuliza kama nguruwe wamefukua shamba la Mama Kostansia. Niliona soni sana. Nikaona kwamba katika kulima sitawapata wanawake wa pale hata nikifanya nini. Basi nikakata shauri kwamba kama siwezi kuwa mlimaji wa kusifiwa, nitakuwa mkwe wa kusifiwa.

Tena nilikuwa na sababu nyingine, na hii naisema bila kujitetea. Mama yangu mzazi alianguka akafariki kule Lituhi nikiwa binti wa miaka kumi na miwili, na siku alipoanguka alikuwa na ndoo ya maji kichwani. Sikuwahi kumpa mapumziko hata ya siku moja. Nilipompata mama mwingine, nilijiapia kwamba huyu hatabeba kitu tena.

Siku ile ya mwezi wa tatu ilikuwa siku ya ngokela, yaani ile kazi ya kusaidiana, ambapo majirani wanakuja kulima kwako leo, na wiki ijayo mnakwenda kwao. Wanawake kama kumi na watano walikuwa shambani kwetu, na pipa la komoni, ile pombe yetu ya mahindi, lilikuwa linawasubiri nyumbani. Mama Kostansia alikuwa mstari wa mbele kama kawaida yake. Nilimsogelea, nikapiga goti, nikashika mpini wa jembe lake, nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mama, umelima vya kutosha. Kuanzia leo mimi ndiye mikono yako. Nenda ukapumzike."

Vigelegele vikapigwa. Mke wa katekista akasema Mama Kostansia amepata mkwe, hakupata mkwe tu, amepata binti. Kichwa kilinivimba. Mama alicheka na wenzake, akasema sawa, amesikia. Lakini nilipogeuka baadaye nilimwona amekaa chini kando ya shamba, ameweka mikono mapajani, anatutazama. Alikuwa hajui pa kuiweka mikono yake. Niliona hilo, nikalipuuza, nikaendelea kulima.

Baada ya hapo nilishika wadhifa wangu kwelikweli. Otmar alimwagiza seremala kiti cha mbao chenye mikono, tukakiweka barazani, na Mama akakaa. Akinyanyuka kuchukua fagio, nalichukua mimi. Akisema anakwenda kisimani, ndoo nimeshaijaza. Maji ya kuoga nilimpelekea, chakula nilimpelekea, hata kuku wake nilimlishia. Asubuhi chai yenye vijiko vinne vya sukari na maandazi, saa nne togwa, mchana ugali wa mlima mzima na maharage yaliyoungwa kwa mafuta, jioni tena. Akiacha chakula nilinuna, naye kwa kunihurumia alikuwa anamaliza.

Alinenepa. Gauni lake la kanisani tulilifumua pembeni, mwaka uliofuata tukalifumua tena. Na watu, mwanangu, watu walifurahi. Waliopita barazani walisema Mama Kostansia amenawiri, amependeza, anatunzwa. Kila kilo aliyoongeza ilikuwa sifa yangu. Nilikuwa nikimtazama mwanamke yule akihema kutoka kitini kwenda chooni, na moyoni najipongeza. Sijui nikueleze vipi aibu ninayoisikia leo nikisema hayo.

Sasa nikuambie habari ya bonde. Mkabala na nyumba yetu, ng'ambo, aliishi dada yake mkubwa, Bibi Gaudensia. Kati yao palikuwa na mteremko, kijito, na mlima wa kupanda upande wa pili. Kwa macho ni karibu, ukisimama barazani unaona nani anaanua nguo. Kwa miguu ni saa nzima kwa mtu aliyezoea. Jumapili baada ya misa Mama alikuwa anavuka kwenda kwa dada yake na kifurushi cha maharage au usipa niliotumiwa na ndugu zangu, anashinda huko, anarudi jioni na maparachichi. Wazazi wao walikufa mapema na huyo dada ndiye aliyemlea. Hakuna mtu duniani aliyempenda kuliko yule.

Mwaka wa kwanza wa kile kiti aliendelea kwenda, ila alirudi amechoka. Mwaka wa pili alikwenda mara moja moja. Nilimwambia asihangaike, nikawa napeleka mimi vile vifurushi. Mwaka wa tatu hakwenda kabisa. Kutwa alishika tama, macho yake ng'ambo. Mimi nilidhani anapunga upepo.

Mwezi wa nane mwaka ule zikaja habari kwamba Bibi Gaudensia amepooza upande mmoja, haamki kitandani, na anamuulizia mdogo wake. Mama hakunisubiri nirudi kutoka kisimani. Alichukua fimbo, akashuka peke yake. Nilimkuta kwenye mteremko, hata nusu ya njia ya kijito hajafika, amekaa katikati ya njia, miguu mbele, jasho linamtiririka. Magoti yalikuwa yamemkatalia. Hawezi kushuka, hawezi kupanda. Nilimshika kwapani nikashindwa kumwinua, na yeye hakunisaidia.

Alinitazama, akasema taratibu, bila hasira hata kidogo: "Mwanangu, najua ulinipenda. Lakini ulipochukua lile jembe ulichukua na miguu yangu. Sasa dada yangu ananiita."

Nililia palepale njiani. Otmar na wanaume watatu walikuja na machela ya miti wakampandisha nyumbani, na watu wakatoka kutazama wakidhani kuna maiti. Kesho yake Otmar alimwambia watambeba hivyo hivyo mpaka kwa dada yake. Mama akakataa. Alisema dada yake ni mgonjwa na anahitaji wa kumtia moyo. Akimwona mdogo wake naye analetwa kwa machela, ataona ukoo wote umekwisha. "Nitakwenda kwa miguu," alisema. "Yeye ataningoja. Ananijua."

Hapo ndipo shughuli ilipoanza, na usifikiri ilianza vizuri. Tulimpeleka zahanati, tukamkuta sista mmoja mzee aliyekuwa hacheki ovyo. Alimpima presha, akamshika magoti, akamuuliza anakula nini na anafanya nini kutwa. Mimi ndiye niliyejibu, kwa majivuno yaliyobaki, kwamba hafanyi chochote. Sista akaandika hilo kwenye daftari lake. Kisha akasema magoti ya Mama si mabovu ila yamebebeshwa mzigo yasiouweza, na misuli ya kuyasaidia imelala. Apunguze uzito polepole, atembee kila siku kidogo, na dawa ya presha asiache. Mizani ya watu wazima pale ilikuwa imeharibika, kwa hiyo tukarudi tukampima kwenye mizani ya kahawa, ghalani, maana ulikuwa msimu. Mama alisimama pale watu wanapowekea magunia, ameshika khanga yake, na karani akasoma kilo tisini na moja. Wanaume waliokuwa foleni walijifanya wanaangalia kahawa yao.

Mimi niliporudi nyumbani, kwa kutaka kurekebisha kosa haraka, nikafanya la pili. Nilimpa uji mwembamba asubuhi, uji mwembamba jioni, basi. Siku ya nne alipata kizunguzungu akiwa ameshika fagio, nusura aanguke jikoni. Akaniambia: "Mwanzo ulinishindilia kama gunia, sasa unanikamua. Wewe huna cha katikati?" Sikuwa nacho. Mwanangu, vijana wengi hawana cha katikati, na wazee wanaotaka kupungua kwa wiki mbili hawana pia.

Tukarudi kwa sista, akatufundisha kama watoto. Ugali ukubwa wa ngumi yake, si wa ngumi ya Otmar. Nusu ya sahani iwe mboga, majani ya maboga au kisamvu au chochote cha bustanini. Maharage na usipa ale, maana mwili wa mzee usipopata vyakula hivyo unapoteza nyama nzuri na kubakiza mafuta. Sukari ya chai ipungue kijiko kimoja kila wiki mpaka iishe. Togwa siku ya sikukuu. Ile chai isiyo na sukari ndiyo iliyomliza Mama kuliko magoti, na mwezi mzima alikuwa anakitazama kikombe kama nimemwekea dawa ya mbu.

Na kutembea. Wiki ya kwanza alitoka barazani mpaka kwenye tanuri la matofali la jirani na kurudi. Ni mwendo wa dakika chache, lakini alipumzika mara mbili. Wiki ya pili alipumzika mara moja. Wiki ya tatu akaona amepona, akaniacha jikoni akashuka kwa kasi kuelekea kijitoni, goti likavimba, tukapoteza siku kumi na tano tumekaa tunaliwekea kitambaa cha maji ya moto. Alinikasirikia mimi, akalikasirikia goti, akamkasirikia na sista ambaye hakuwepo. Baada ya hapo hakukurupuka tena.

Kila asubuhi, kabla ya kuanza kutembea, alikuwa anatazama ng'ambo. Mkwe wa Bibi Gaudensia alikuwa na kawaida ya kuanika blanketi la mgonjwa kwenye uzio jua likichomoza. Tukiliona lile blanketi tunajua amelala salama. Zilikuwepo asubuhi za ukungu ambapo hatukuona kitu mpaka saa nne, na Mama hakuweza hata kunywa ile chai yake mbaya. Mimi nilikuwa naomba kimya kimya, si kwa ajili ya mgonjwa tu, bali kwa ajili yangu pia. Nilijua yule bibi akifa kabla Mama hajavuka, mimi ndiye niliyewatenganisha, na hakuna padri ambaye angeniondolea hilo moyoni.

Mvua za kulima zilipofika, Mama aliomba jembe. Safari hii nilimpa mwenyewe, kwa mikono miwili. Siku ya kwanza alichimba ngoro moja, akakaa kwenye kingo, akavuta pumzi, tukarudi nyumbani. Siku ya pili moja. Mwisho wa wiki, ngoro mbili. Mimi nililima pembeni yake kwa mwendo wake, nikajizuia kumsaidia, na hilo la kujizuia lilikuwa gumu kuliko kulima. Alikuwa anaangusha mwili wake pamoja na jembe na kuvuta, kama alivyonifundisha, na kadiri siku zilivyokwenda niliona mgongo wake unakumbuka. Akaanza tena kusimulia habari za watu. Nilijua anapona siku aliposimulia habari ya mke wa katekista kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kutua.

Mteremko tuliugawa vipande. Tulitembea mpaka kwenye jiwe jeusi na kurudi. Baada ya wiki tatu mpaka kwenye migomba. Masika yalipopamba moto njia ikawa utelezi, tukabaki kuzunguka shamba la kahawa na kupanda kanisani, kwanza nusu ya njia, kisha yote. Jumapili aliyoingia kanisani kwa miguu yake, baada ya mwaka na zaidi wa kupelekewa komunyo nyumbani, hakuna aliyepiga vigelegele. Wengine walinong'ona kwamba amekonda, labda kuna mgogoro nyumbani, labda yule Mnyasa amemchoka. Niliyasikia yote. Sifa zangu zote ziliondoka na kilo za Mama, nikawa mkwe mbaya kijiji kizima. Otmar alicheka mpaka akakaa chini.

Msimu wa kahawa ulipofunguka tena, tukarudi ghalani. Karani yule yule. Mama akapanda kwenye mizani, safari hii hakushika khanga yake, na karani akasoma kilo sabini na mbili. Mama alipiga hesabu akasema ameshusha debe zima la mahindi alilokuwa anatembea nalo kutwa na kulala nalo. Hakuwa mwembamba kama zamani, na sista alisema hana haja ya kuwa hivyo.

Siku tatu baadaye, njia ikiwa kavu, tuliliona blanketi, tukanywa chai, tukatoka. Nilimfuata nyuma. Mteremko tuliushuka upande upande, fimbo mbele. Kijitoni alivua viatu akavuka bila kunishika mkono. Mlima wa ng'ambo tuliupanda kwa hatua ishirini na pumziko, hatua ishirini na pumziko, na jua likatukuta utosini. Njia ya saa moja tuliitembea nusu ya siku. Mara mbili nilitaka kumwambia turudi, nikaanza kuhesabu hatua upya.

Bibi Gaudensia alikuwa amelazwa nje kwenye mkeka kivulini, kando ya ukuta. Mdomo wake ulikuwa umepinda kidogo lakini macho yalikuwa mazima. Nilipiga goti nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," hakuitikia, hakuniona kabisa. Alimwangalia mdogo wake kuanzia kichwani mpaka miguuni, miguu yenye vumbi, akasema kwa ule mdomo wake mzito:

"Umekonda. Hawakulishi?"

Mama Kostansia alicheka huku machozi yanamtoka. "Walinilisha sana, dada," alisema. "Ndiyo maana nimechelewa."

Niliondoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikajifanya nakwenda kusaidia kuchota maji.

Bibi Gaudensia aliishi miezi minane baada ya pale, na Mama alivuka kila Jumapili. Siku ya mwisho alikuwepo, alimshika mkono, na yeye ndiye aliyemwosha. Kuhusu Mama mwenyewe, alilima mpaka miaka themanini na kitu, ngoro tatu nne kwa siku, tena zilizonyooka. Hakuniambia tena neno lolote kuhusu siku ile ya jembe. Nilimwomba msamaha mara moja tukiwa tunapalilia, akasema nisimame sawa, nakanyaga maharage.

Mwanangu, ungedhani mtu aliyeyaona yote hayo hawezi kuangukia pale pale. Niliangukia. Otmar alipofariki miaka minne iliyopita, nilikaa. Sikukalishwa na mtu, nilikaa mwenyewe kwa huzuni. Kijana wangu aliyeko Songea aliniletea luninga na makochi, akaniambia atatuma vibarua walime, nami nikasema asante baba. Soda mezani, biskuti mezani. Na mkwe wangu Sabina ninayeishi naye, binti mwema sana, akawa ananinyang'anya ndoo kila nikiishika. Mwaka jana hospitalini Mbinga daktari kijana, ambaye ningeweza kumzaa, aliniambia presha imepanda na uzito nao umezidi, na akaanza kunieleza habari ya ugali wa ngumi. Nikacheka. Akadhani namdharau, ikabidi nimsimulie Mama Kostansia mzima mzima, na wagonjwa wa nje wakawa wanangoja.

Basi nimeanza upya. Asubuhi natembea mpaka shuleni na kurudi. Sabina nimemwambia ndoo ndogo ni yangu, kubwa ni yake, na akinipenda atembee nami badala ya kutembea kwa niaba yangu. Alilia kidogo, nikamsimulia na yeye. Zipo siku magoti yananiuma na sitoki, na sijilaumu, natoka kesho yake. Zipo sikukuu nakula pilau mpaka naona haya. Nimepungua kidogo, si debe, labda nusu ya nusu. Lakini wiki iliyopita nilishuka kwetu Lituhi, nikatembea kutoka stendi mpaka kwenye kaburi la mama yangu bila kushikwa mkono, nikaling'olea majani mwenyewe, nimeinama, nikainuka.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Wewe uliye kijana, usimheshimu mzee wako mpaka akashindwa kusimama. Mpunguzie mzigo, usimwondolee wote. Mwachie fagio lake, mwachie kuku wake, mwachie tuta moja la mchicha, na akienda polepole wewe nenda polepole pembeni yake, hata kama kazi yako imekaa. Usiupime upendo wako kwa unene wake wala kwa maneno ya wapita njia. Na wewe ambaye umeanza kuzeeka, usiombe kurudi ulivyokuwa na miaka ishirini. Anzia mlangoni. Sahani ipunguze bila kujitesa njaa, mboga iongeze, dawa za daktari zimeze kama alivyosema, na goti likivimba lisikilize. Ukishindwa leo, kesho asubuhi mlango uko pale pale. Na kwanza kabisa jiulize kuna nani unayetaka kumfikia, maana mimi sijaona mtu aliyeiacha sukari kwa ajili ya mizani peke yake.

Mungu akujalie uzee, mwanangu, maana si wote wanaoupata. Akujalie chakula cha kukutosha na moyo wa kuridhika kabla hujavimbiwa. Akupe magoti yanayokubali kuinama na yanayokubali kuinuka. Akupe watu wanaokupenda bila kukufungia ndani. Na siku mtu wako atakapokuita kutoka ng'ambo, akukute unaweza kujibu kwamba unakuja, kisha uende.